Zamu ya Rede

Sheria ilimtaka kila mtu mzima, zamu yake ifikapo, aikabidhi Hifadhi ya Michezo kumbukumbu ya mchezo alioupenda kuliko yote. Siku mama yake alipotoa rede, Rukia ndiye aliyemrudisha nyumbani. Tatu, mdogo wa mama, aliwapokea mlangoni.

"Pole na safari, dada."

"Ahsante, bibi. Wewe ni mgeni wa nani?"

"Acha utani, wee! Nani alikuwa akikupiga mpira mgongoni kila jioni?"

Mama alitabasamu kwa adabu tu. Rukia aliingiwa na baridi: rede ilikuwa imeondoka pamoja na mdogo mtu aliyeicheza naye.

"Mama, njoo tucheze mdako!" Mishi, binti wa Rukia, alimnyooshea kokoto.

Zamu ya Rukia ilikuwa mwakani. Alirudi nyuma.

"Kacheze na wenzako, mwanangu," alisema, asithubutu kuzigusa.