Mtego wa Kituo cha Mabasi

"Kumbe ni fangasi!" mama mkwe alitangaza mezani, mdomo umejaa chakula. "Majibu yako ya hospitali yamekuja kwenye imeili. Unajikuna tangu lini, mkwe wangu?"

Msusi aliweka kijiko chini, akaisukuma sahani mbali. Mumewe, fundi umeme, aliinamia sahani yake.

Kompyuta ya sebuleni ilitumia mfumo wa Linux, na fundi aliipanga vizuri: kila mtu na jina lake la kuingilia, nywila yake, picha zake. Anwani ya barua pepe tu ndiyo ilikuwa moja. Mama mkwe ndiye aliyeamuru hivyo. "Nyumba yangu haina siri," alisema. Basi barua zote ziliangukia sanduku moja, na yeyote aliyeingia alizikuta. Msusi aliona ni sawa na watu watatu kuchangia mswaki mmoja. Kibodi yenyewe ilinata mafuta, na siku moja alikuta kipande cha ukucha kimenasa kati ya vitufe.

"Tuhame," alimwambia mumewe chumbani.

"Mama anasema aliyaona majibu yako kwa bahati mbaya. Ukinionyesha kweli anakuchunguza, tutahama."

Haya. Kesho yake, saluni, msusi alifungua anwani mpya isiyo na jina, akaandika: "Mpenzi, nimechoka kujificha. Jumamosi saa nne asubuhi, kituo cha mabasi. Njoo na nguo zako, tuondoke. Usinipigie simu wala usijibu hapa." Akaituma kwenye anwani ya nyumbani. Alimjua mama mkwe wake: umbea kama huo usingempita. Angekuja mbio kumfumania, naye msusi angempiga picha awe na ushahidi.

Jioni aliikuta barua imeshafunguliwa. Sanduku halikusema nani kaifungua. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, anachokonoa meno kwa ncha ya kalamu, anaimba chini chini. Mnafiki mkubwa, msusi aliwaza, akageuza uso kwa kinyaa.

"Jumamosi twende tukaangalie vyumba vya kupanga?" alimwuliza mumewe.

"Jumamosi nina kazi mbali kidogo, mke wangu." Akambusu kwenye paji la uso, jambo alilokuwa ameliacha siku nyingi.

Jumamosi msusi alijibanza nyuma ya kibanda cha magazeti, simu mkononi. Saa nne ikafika, mama mkwe haonekani.

Aliyetokea ni mumewe.

Msusi alishusha simu. Kumbe mchunguzi ni huyu, na sasa kaja kumfumania! Ndoa yake ilikuwa inavunjika kwa mchezo wake mwenyewe. Akapiga hatua atoke, amweleze kwamba ulikuwa mtego tu.

Ndipo alipoliona begi lake kubwa la safari, limefura nguo. Fundi alilikalisha kwenye benchi, akajipulizia manukato shingoni, na kila teksi iliposimama na kushusha mwanamke, aliinuka akitabasamu.