Kopo la Nguchiro

Ngiri alikuwa amejifungua, na wa kwanza kuja kumwona mzazi alikuwa Nguchiro. Hakuleta uji. Alileta kopo la unga.

"Hongera, shoga. Ila tumbo hilo! Mimi pia nimezaa juzi tu, na kiuno changu ndicho hiki. Kunywa unga huu upungue. Kisha waite wazazi wenzio waununue, nao wawaite wenzao, sote tutajirike."

Ngiri, aliyekuwa hajapata usingizi tangu uchungu umshike, hakukumbuka kwamba hata mume wa Nguchiro ana kiuno kile kile. Akawaita wenzake.

Wakaja Kongoni na Nungunungu. Lakini kwa mzazi hakuendwi mikono mitupu. Kongoni alibeba uji wa pilipili manga, na Nungunungu, miiba ameilaza, alibeba maji ya moto ya kumkanda. Nguchiro akahubiri, wao wakakanda. Ngiri akanywa uji, akasinzia, watoto wakapakatwa.

"Kwani nyie hamnunui?" Nguchiro alifoka.

"Tumbo hili limetoka kubeba watoto," Kongoni alisema. "Liache lipumzike. Na wewe ulipojifungua, nani alikuletea uji?"

Nguchiro alitazama chini. "Alikuja Kicheche. Na kopo."

Kongoni hakumcheka. Alimwaga ule unga nje, akaliosha kopo, akalijaza uji hadi juu na kumpa.

"Kaa hapa, mzazi," alisema. "Maji ya kukukanda bado ya moto."