Hatua Kumi na Tano

Wimbo ulianza kwenye kona ya tangi la maji, na ulianzia katikati ya neno. Cheche alikuwa amebonyeza hedifoni ya sikio la kulia, kama alivyoibonyeza kila asubuhi kwa wiki sita bila kupata kitu. Safari hii ngoma zikamjibu.

Hakusimama. Alijua akisimama ataanguka.

Hedifoni zilikuwa za mdogo wake. Polisi walimkabidhi Cheche ndani ya bahasha, pamoja na viatu vya kukimbilia. Walimkuta marehemu barabarani alfajiri, amechomwa kisu mara tatu mgongoni, muziki umenyamaza masikioni na simu haipo. Uchunguzi unaendelea, walisema. Uliendelea kweli, maana mpaka leo ulikuwa haujafika popote.

Fundi simu ndiye aliyemfumbua macho. "Hizi zinaijua simu moja tu, dada. Kama mwizi hajaifuta, siku akiiwasha karibu na wewe zitashikana zenyewe. Bonyeza hapa, wimbo utaendelea pale ulipoishia."

"Karibu kiasi gani?"

"Hatua kumi na tano hivi. Zaidi ya hapo unakatika. Wewe subiri tu, siku za mwizi ni arobaini."

Leo ilikuwa siku ya arobaini na tatu.

Cheche hakuwa mtu wa mbio. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mabega mapana, mapafu yamejaa moshi, na marehemu alizoea kumtania kwamba hata basi likimwacha hulifuata kwa macho. Lakini tangu msiba alikimbia njia ileile ya mdogo wake, saa ileile, na kipande cha nondo ndani ya mkono wa koti. Hakutaka kesi wala fidia. Alimtaka mtu. Siri hiyo hakumwambia yeyote, hata Kocha.

Kocha alimfundisha mdogo wake kwa miaka minane. Msibani alilia kuliko ndugu wa damu, ingawa kijana alikwisha kumuaga kwamba anahamia timu nyingine. Ndio moyo wa mtu huo, watu walisema. Tangu hapo alimsindikiza Cheche kila asubuhi, asije naye akakutwa na makubwa. Leo alichelewa, akamfikia pale pale kwenye tangi, akihema.

"Samahani, dada. Usingizi umeniponza, nimekurupuka gizani hata sijui nimebeba nini."

Wakati huohuo mtu wa koti jekundu aliwapita, kichwa chini, simu kaifunga mkononi kwa mkanda. Hapo ndipo Cheche alipobonyeza.

Sasa alikuwa anamfukuza. Kocha alimfuata unyounyo, akimwonya kwamba kwa mwendo huo atapasuka mapafu. Cheche aliongeza mwendo. Wimbo haukukatika hata mara moja, na kila alipolisogelea lile koti alihisi umezidi kupanda. Alimwona mdogo wake akicheza jikoni huku anafunga kamba za viatu.

Alilidaka koti kwa nyuma. Yule mtu naye alikuwa na hedifoni zake, akachomoa moja kwa mshtuko.

"Simu hii ya nani?"

"Yangu. Kwani vipi, mama?"

"Nakuuliza ya nani."

"Niachie bwana, una wazimu?" Akamsukuma kifuani.

Nondo ilitoka yenyewe. Pigo la kwanza lilitua mkononi juu ya simu, kioo na mfupa vikalia pamoja. Wimbo haukutetereka. Yule mtu alipiga magoti, akainua mkono mzima kujikinga, akasema ana watoto. Mdogo wangu naye alikuwa mtoto wa mtu, Cheche alijibu, kisha akampiga kichwani. Akarudia. Damu ilimrukia mdomoni, akaitema, akapiga tena mpaka mkono ulipokufa ganzi na nondo ikamponyoka.

Kocha alikuwa amesimama hatua tatu nyuma. Hakuwa amemshika wala kumzuia.

"Dada. Umefanya nini?"

"Ndiye huyu. Simu ya mdogo wangu anayo."

"Umejuaje?"

Cheche alichomoa hedifoni moja, akamnyooshea kwenye kiganja chenye damu. "Sikiliza mwenyewe. Zinaimba simu ikiwa karibu tu."

Kocha aliitazama asiipokee. Alijipangusa uso kwa ukosi wa fulana, akaangalia barabara, huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Kaa hapa hapa," alisema. "Usiguse kitu. Nakwenda kuita watu."

Akaondoka mbio, zile mbio za mtu aliyezisomea.

Cheche aliketi chini kando ya maiti. Kifuani alisikia wepesi ambao hakuwa nao tangu siku ya bahasha, na machozi yakamtoka bila kumuuma. Alimwambia mdogo wake kwamba imekwisha. Akairudisha hedifoni sikioni, ili angalau wote wawili wausikilize wimbo mpaka mwisho.

Kocha alipofika kwenye nguzo ya taa, wimbo ulianza kukwama. Alipokata kona ulinyamaza kabisa, na mtu wa koti jekundu alikuwa bado amelala palepale, kichwa chake kikigusa goti la Cheche.