Abiria wa Kilo Hamsini na Mbili

"Kilo hamsini na mbili," Mwalimu alinong'ona kwenye simu, amejibanza nyuma ya tangi la maji kama mwizi. "Mwepesi kabisa. Ila ni mwoga, kwa hiyo usisahau kiegemeo cha mgongo."

Dirishani, Mama Cherehani aliondoa mguu kwenye pedali, na mashine ikanyamaza katikati ya pindo. Mumewe alikuwa amenunua pikipiki mpya, ile kubwa ya safari ndefu aliyoiota tangu ujana, na kila jioni alibishana kwa simu na fundi wake, aitwaye Grisi, juu ya injini: ibadilishwe ekzosi au chujio la hewa, iongezwe nguvu ya namna gani. Hayo hayakumhusu Mama Cherehani. Aliyemhusu ni huyo abiria, maana yeye hakuwa wa kilo hamsini na mbili, wala hakuwahi kuwa tangu avunje ungo.

Isitoshe, yeye hapandi pikipiki. Alipanda mara moja tu, nyuma ya Mwalimu enzi za uchumba, na hata hawajafika mbali tairi la nyuma likapasuka, wakaishia kwenye nyasi. Mpaka leo Mwalimu humlaani muuza tairi. Mama Cherehani aliapa palepale kwamba hapandi tena, na mumewe hakumbembeleza. Ndivyo alivyo, mwalimu wa hesabu: ukimpa neno au tarakimu haulizi imetoka wapi, anaanza kukokotoa.

"Kiegemeo!" alijisemea, roho ikimfukuta. "Mwoga, eti! Maskini, asije akadondoka kipenzi cha watu!"

Kwa wivu akabaki kuwapanga wanawake wa mtaa mzima kichwani, maana hakuna kiuno asichokijua. Jirani wa kulia, huyo hapana, pikipiki ingelia. Muuza dawa ni mrefu mno. Mwishowe akabaki mmoja: mwalimu wa muziki wa shule ya mumewe, mwembamba, macho laini, ambaye gauni lake la buluu lilikuwa linaning'inia pale ukutani likisubiri zipu.

Mama Cherehani alilishusha. Akalibana vidole viwili kila upande, akashona kwa mshono wa kufa mtu.

Mwenye gauni alipokuja kulijaribu, zipu iligoma nusu mgongo. "Jamani, mama, si ulinipima wewe mwenyewe? Au nimenenepa?"

"Tepu yangu haidanganyi, mdogo wangu," Mama Cherehani alijibu, pini zimejaa mdomoni. Alifurahi kidogo. Yule binti alipoondoka amejishika kiuno, Mama Cherehani alikitazama kilivyo chembamba, akaumia zaidi kuliko mwanzo.

Jioni ile Mwalimu alirudi akipiga mluzi. "Mke wangu, kesho nashinda kwa Grisi. Tunamalizia injini, likizo hiyo inakuja."

"Unasafiri na nani?"

"Utajua tu," akasema, akacheka peke yake.

Kesho yake Mama Cherehani alijaza nguo kwenye begi la kwenda kwa dada yake. Lakini hakuwa mtu wa kuondoka kimyakimya. Alipitia kwanza gereji, aseme lake mbele ya watu.

Aliikuta pikipiki imevuliwa tangi, injini iko wazi, ekzosi mpya inang'aa kuliko sufuria zake zote. Kiegemeo cha abiria kilikuwa kimeshafungwa, kimeshonewa sponji nene. Alikitazama kile kiti cha mwenzake, machozi yakamlenga. Akajibanza nyuma ya rundo la matairi, begi kifuani.

"Sikiliza, Mwalimu," Grisi alikuwa anasema, ameshika vyuma viwili vya ndani ya injini, vimelowa mafuta. "Kamshafti hii ni ya mbio. Inaamka mwendo ukishakolea, inataka mzigo mwepesi. Hii nyingine ni ya kuvuta. Unaachia klachi tu, inapanda mlima na chochote ulichobeba. Nikishafunga injini sitaki kuifungua tena. Una uhakika na uzito wa abiria?"

"Hamsini na mbili. Hesabu zote nimeshapiga. Funga ya mbio."

"Ulimpima?"

"Mtu kama yule unampimaje, bwana? Nilimuuliza, akaniambia. Namwamini."

Namwamini! Miaka yote ya ndoa, Mama Cherehani hakukumbuka kuambiwa neno hilo hata siku moja. Alitoka nyuma ya matairi, akalibwaga begi kwenye sakafu yenye oili.

"Mtaje!" alifoka. "Mtaje huyo wa kilo hamsini na mbili, hapahapa mbele ya fundi wako! Nimjue, kisha nishike njia niende kwa dada yangu!"

Mwalimu alilitazama begi, akamtazama mkewe, mdomo wazi.

"Ah, mke wangu, umeniharibia. Nilitaka nikushtukize siku ya likizo, nikwambie panda, safari hii huanguki."

"Nimekuuliza ni nani!"

"Si wewe? Siku ile ya uchumba nilikuuliza uzito wako, nijue upepo wa kutia tairini. Si ulinitajia mwenyewe?"

Grisi alijifuta mikono kwa kitambaa, akamtupia Mama Cherehani jicho moja tu, la heshima. Kisha akairudisha kamshafti ya mbio kwenye boksi lake, akachukua ile ya kuvuta.