Kurasa Ishirini na Mbili Bila Jina

Bahasha ilikuwa imefungwa kwa gundi na juu ya gundi seloteipu, na hilo ndilo lililomfanya Kang'ethe aifungue. Kama haina siri, kufungwa mara mbili kulikuwa kwa nini?

Alikuwa ameketi katika kibanda cha chai mtaani Free Area, pikapu yake ya viazi imeegeshwa nje. Ofisi ya mashindano ilikuwa ng'ambo ya barabara. Mwalimu Kigen alikuwa na vipindi mpaka mchana, ndiyo maana alimpa yeye mzigo huo alfajiri kule Dundori: ufike kabla ya saa sita kamili, usifunguliwe. Ukichelewa dakika moja, siku nne za kazi ya watoto zimeenda.

Mashindano yenyewe hakuwahi kuelezwa akaelewa. Yalikuwa ya hesabu, ila hesabu isiyo na jibu moja. Watoto watatu wanapewa shida ya watu, wanaitafutia njia kwa hesabu, kisha wanaandika ripoti nzima. Timu ya kwanza inasomeshwa chuo kikuu bure, wote watatu. Lynn, binti yake, alikuwa mmoja wao, na shule nzima ilijua ndiye kichwa.

Jana Jumapili Lynn alikuja nyumbani kuchukua nguo safi. Kang'ethe akamuuliza wamepewa swali gani. Akasema sheria hairuhusu kumwambia mtu yeyote.

"Hata baba yako?"

"Hata wewe, Dad. Hata mwalimu hatuulizi."

Sheria gani hiyo ya kumfungia mzazi nje? Karatasi ya ruhusa aliyotia sahihi ilikuwa ya Kiingereza mtupu, na Kigen alimwonyesha tu mahali pa kalamu. Wenye ofisi ndivyo walivyo. Wanakupa kalamu kwanza, maelezo baadaye, au yasije kabisa.

Akaishikilia bahasha juu ya mvuke wa chai mpaka gundi ikalegea, akaivuta seloteipu kwa ukucha.

Kiingereza kilimshinda, lakini michoro aliielewa. Palikuwa na lori, na magunia yamepangwa mazito nyuma, mepesi mbele, na nafasi ya upepo katikati. Hivyo ndivyo yeye Kang'ethe anavyopanga viazi vyake. Hakuna mwalimu aliyewahi kupanda pikapu yake. Hii ilikuwa kazi ya Lynn, bila shaka yoyote, na kifua kikamjaa.

Kisha akatafuta jina lake.

Ukurasa wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Akalamba kidole akafunua yote ishirini na mbili. Juu ya kila ukurasa palikuwa na namba tu, 2117. Nje ya bahasha ndipo palipoandikwa jina, kwa herufi kubwa, nalo lilikuwa la Kigen.

Chai ikapoa mbele yake.

Marehemu mkewe, Wamaitha, alikuwa na namba pia. Alilipa hisa za kampuni ya kununua shamba tangu akiwa msichana, na siku ya kugawa akapewa namba 318. Orodha ilipobandikwa, mbele ya 318 palikuwa na jina la shemeji ya mwenyekiti. Wamaitha alizunguka maofisini miaka kumi na mbili na ile karatasi kwenye mkoba. Kila ofisi ilimwambia namba ni ya kweli, sasa yeye ndiye nani? Alikufa bado akiambiwa arudi Jumatatu.

Na leo ilikuwa Jumatatu.

Akamwomba Namalwa, mwenye kibanda, kalamu. Namalwa akachomoa moja kwenye nywele zake, akamuuliza kama siku hizi anasahihisha mitihani.

"Naandika mtoto wangu kabla hajaibiwa," alisema.

"Basi bonyeza sana. Hiyo wino ni ya kubembelezwa."

Alibonyeza. LYNN NJOKI KANG'ETHE, juu ya kila ukurasa, kando ya namba, herufi moja moja kama mtu anayepanda mbegu. Wale wengine wawili hakuwaandika. Wana baba zao. Alipomaliza mkono ulikuwa umekufa ganzi. Akaifunga bahasha kwa uji mzito wa Namalwa, akarudisha seloteipu, akavuka barabara.

Ofisini palikuwa na foleni ya walimu. Ilipofika zamu yake, saa ya ukutani ilionyesha dakika sita kabla ya saa sita. Msichana wa mezani, ambaye kadi yake shingoni ilisema Winrose, alimkaribisha vizuri, akaifungua bahasha na kuanza kuhesabu kurasa. Kwenye ukurasa wa tatu akaacha kuhesabu. Akaruka hadi wa kumi, kisha wa mwisho.

"Mzee, nani ameandika hili jina?"

Kang'ethe alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu kibandani. "Mimi. Ni mtoto wangu."

"Mwalimu Kigen anajua?"

"Hajui. Ndiyo maana nimeandika."

Winrose akazikusanya kurasa polepole, akazigonga mezani zikalingana, lakini hakuziweka kwenye rundo na zile nyingine. Kang'ethe akaikaza sauti. Akasema kama walikuwa na jina lingine la kubandika hapo, wamechelewa, maana wino umekauka.

"Hakuna jina lingine," Winrose alisema, bila kumtazama. "Miaka yote walikuwa wanashinda watoto wa wakubwa. Mwaka jana Kigen alikaa kwa hiyo kiti siku tatu, akakataa kuondoka mpaka wakapitisha sheria: karatasi ikiwa na jina la mtoto, haisomwi."