Vikombe Ishirini vya Gwantwa

Jumatatu, tarehe 12 Machi 2007, saa mbili na nusu asubuhi, mvua nyepesi ikinyesha Tunduma, nilibandika kwenye ubao wa ofisi yetu orodha ya wafanyakazi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao sera yetu mpya iliwapa unga wa lishe kila mwezi. Sera niliiandika mwenyewe, kama meneja. Shule ya bweni ilinifundisha kwamba mgawo wa haki hutangazwa hadharani.

Orodha ilikuwa na jina moja: Gwantwa, mpika chai wetu.

Saa nne vikombe ishirini vilikuwa bado mezani, chai ya maziwa ikifanya utando juu.

“Mimi leo nimefunga,” alisema dereva ambaye Ijumaa alimaliza maandazi sita. Wenzake walicheka, wakavuka barabara kwenda kununua chai kwingine.

Nilichukua kikombe kimoja, nikanywa chote mbele ya Gwantwa.

“Mzee, siri ile nilikupa wewe tu,” alisema.

“Nisamehe, mama. Kazi yako ipo palepale. Sera inakulinda.”

“Nimpikie nani?”

Nilimwomba msamaha mara ya pili.

Alimwaga kikombe cha kwanza kwenye ndoo, kisha cha pili.

“Hapana, mzee,” alisema. “Sikusamehe.”