Kaa wa Kijito cha Mbalu

Siku hizo maji ya milimani yaligawiwa wanyama kwanza, watu baadaye. Kijito chenye familia ya viumbe wasiopatikana kwingine kiliachiwa maji mwaka mzima. Kisicho nayo kilifungwa, maji yakapelekwa mijini. Mamkunde na mumewe Kilua waliishi kwa hisani ya kaa wekundu wa Kijito cha Mbalu.

Asubuhi moja alikuja Shekiondo, ofisa wa maji.

"Mama, wataalamu wamepitia upya uainishaji wa viumbe. Kaa wenu si familia ya peke yao tena. Wameunganishwa na wale wa bondeni."

"Kwani wamebadilika?"

"Hawajabadilika. Ni jina tu."

"Na maji?"

"Lango la kijito linafungwa kesho."

"Haya, baba," alisema Mamkunde, akaendelea kupepeta mchele. Alingoja uchungu umpate, haukumpata. Kilua alijaza maji pipa la uani.

Kijito kilipobaki matope makavu, Mamkunde alifungua mlango alfajiri akawakuta kaa uani. Walikuwa wamejaa vumbi, wamelizunguka pipa, wakilikwaruza taratibu. Mmoja alikuwa amebeba watoto wake chini ya tumbo, wadogo kama punje za mtama.

"Nini hiyo inakwaruza?" Kilua aliuliza kutoka chumbani.

"Kaa."

"Wanataka nini?"

Mamkunde alichota kikombe kimoja cha maji ya chai. Kisha akalifunika pipa, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akaenda kuwasha moto.